Maswali ya Wasomaji: Timu Moja, Vichwa Tofauti

Barua tulizopokea safari hii zimetoka Dodoma, Singida na Kondoa, na zote zinahusu jambo moja: watu wenye namna tofauti za kufikiri wanapotakiwa kuukamilisha mradi mmoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo mambo mengi ambayo wasomaji wengine wameyauliza kwa maneno yao.

SWALI: Mshauri, salaam. Mimi ni mratibu wa mradi wa uvunaji wa maji ya mvua katika shule za msingi za Wilaya ya Chamwino, na ofisi yetu iko Dodoma mjini. Mhandisi wetu hataki kusikia jambo lisilo na vipimo. Afisa maendeleo ya jamii anaamini kwamba bila kuketi kwanza na kamati ya shule na wazazi hakuna mchoro wenye maana. Mhasibu anauliza habari za stakabadhi kabla hatujakubaliana tunanunua nini, na kijana wetu wa takwimu huja na wazo jipya kila wiki ilhali la wiki iliyopita hajalimaliza. Kila mmoja ni hodari katika kazi yake na nisingependa kumpoteza yeyote. Hata hivyo, tukikaa kikao tunatumia muda wa saa tatu na kutoka tumechoka, bila uamuzi. Hali huwa mbaya zaidi meneja anapokuja kutoka makao makuu Dar es Salaam, kwani tangu treni ya umeme ianze anakuja asubuhi na kutaka kurudi jioni ileile. Ikifika saa nane mchana anasema tufunge, nasi tunafunga kwa kumfuata aliyezungumza mwisho. Nifanyeje ili fikra hizi zilingane uzito?
*Mratibu, Dodoma*

JIBU: Ndugu Mratibu, nianze na neno lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo linalokusumbua kuliko watu wenyewe. Fikra hizo hazihitaji kulingana uzito katika kila kikao. Zinahitaji kupewa zamu, na zamu hiyo itokane na hatua ambayo kazi imefikia. Kwa jinsi ulivyoeleza, kikao chako kinauliza maswali matatu kwa pamoja: tufanye nini, je, kitafanya kazi, na nani atakitunza. Kila mtu anajibu swali lake, kwa usahihi, halafu anashangaa kwa nini wenzake hawamwelewi.

Tulichukue tangi lenyewe. Mhandisi wako akiona paa la vyumba vitatu vya madarasa lenye mita za mraba 200, anajua kwamba milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa mvua ya Dodoma, tukiikadiria kuwa milimita 550 kwa mwaka, paa hilo linapokea lita 110,000. Akiondoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 88,000, nazo zinatosha kumpa kila mwanafunzi, kati ya wanafunzi 300, lita mbili kwa siku kwa takriban siku 146 za masomo. Hesabu hiyo ni nzuri, na bila hiyo mtajenga tangi linalofurika Februari na kukauka Julai.

Afisa maendeleo ya jamii akiliangalia paa lilelile anaona jambo ambalo halimo katika hesabu. Mvua zetu huanza Desemba, na Desemba shule zimefungwa. Maji ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa juu ya mabati tangu Mei, yanatakiwa kumwagwa nje kabla hayajaingia tangini. Nani atakuwepo kuyamwaga? Mwalimu mkuu amekwenda kwao likizo, mlinzi hajaelekezwa, na ufunguo wa koki uko kwa mwenyekiti wa kamati ambaye siku hiyo yuko shambani anapanda mtama kwa kuwahi mvua ileile. Huyu akisema twendeni kwanza tukaketi na wazazi, mhandisi anasikia ucheleweshaji, kumbe anachoambiwa ni kwamba mchoro wake una pengo la mtu mmoja.

Naye mhasibu, ambaye nyote mnamwona anawahi mno na habari za stakabadhi, ana swali linaloweza kuliokoa tangi hilo: je, fundi analipwa fedha zote siku anapomaliza kupiga plasta, au sehemu ya malipo inazuiliwa hadi mvua za kwanza zipite na ijulikane kama tangi linavuja? Hilo ni swali la ubora wa kazi, ila limevaa nguo za uhasibu.

Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford, katika miaka ya 1950, alitofautisha fikra zinazopanua, ambazo hutafuta majibu mengi yanayowezekana, na fikra zinazokusanya, ambazo huyachuja hadi libaki moja linalofaa. Kila mtu ana zote mbili, ingawa wengi wetu tumezoea zaidi upande mmoja. Kikao kikijaribu kupanua na kuchuja kwa wakati mmoja, kijana wako wa takwimu anatoa wazo, mhasibu analichinja kabla halijasimama, kijana ananuna, na mhasibu anaitwa mtu wa kukatisha tamaa. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi yao, isipokuwa katika saa isiyo yake.

Kwa hiyo nakushauri utenganishe vikao. Kimoja kiwe cha kupanua tu, ambamo ni marufuku kuuliza bei, na kingine cha kuchuja, ambamo ni marufuku kuleta wazo jipya, na kati yake upite angalau usiku mmoja. Walio katika serikali za vijiji wanaufahamu utaratibu unaofanana na huu, kwa sababu upangaji shirikishi wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo huwataka wananchi watazame fursa walizonazo pamoja na vikwazo vinavyowazuia, na sijaona sababu ya ofisi yenye wasomi watupu kudharau mpangilio ambao mkutano wa kijiji unaumudu.

Katika kikao cha kupanua, usianze kwa mazungumzo. Gawa karatasi, kila mtu aandike peke yake kwa dakika kumi, kisha zisomwe zote. Utafiti wa Michael Diehl na Wolfgang Stroebe uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba watu wanaotoa mawazo kwa kuzungumza pamoja hupata mawazo machache kuliko idadi ileile ya watu waliofikiri kila mmoja peke yake na kisha kuunganisha walichopata, na sababu kubwa ni kusubiriana zamu ya kusema. Unapomsubiri mwenzako amalize, wazo lako linapoa au unalisahau. Sisi tuna sababu nyingine juu ya hiyo, nayo ni heshima: aliye mdogo kwa umri au cheo hasemi kabla ya mkubwa, na mkubwa akishasema, mdogo anaona kilichobaki ni kuunga mkono. Karatasi haina shikamoo.

Suala la uamuzi ni lako, na hapo usione haya. Kusikiliza wote hakumaanishi kupiga kura kwa kila jambo. Andika mapema, kwa kila hatua, ni sauti ya nani itakayotangulia. Katika kuchagua shule na mahali pa kuweka tangi, atangulie afisa maendeleo ya jamii. Katika msingi, nondo na uwiano wa saruji na mchanga, atangulie mhandisi, na hapo sidhani kama maoni ya wengi yana nafasi kubwa. Katika zabuni na malipo, mhasibu. Wengine wote wanaulizwa, na wakitofautiana na anayeongoza hatua hiyo, wewe ndiye unayekata shauri.

Upange pia tarehe ya kufunga mchoro. Kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu, lakini kuhamisha tangi ambalo zege lake limeshakauka ni kulivunja. Ndiyo maana fikra za kupanua zinastahili nafasi kubwa mwanzoni na ndogo kadiri kazi inavyosonga. Baada ya tarehe hiyo, mawazo ya kijana wa takwimu yaandikwe katika daftari la awamu ijayo. Na usimwache na daftari tu, maana atachoka nalo. Mpe shule moja, na moja tu, ajaribu jambo lake, mathalani kupima kina cha maji kila Ijumaa na kukituma kwa simu, kwa masharti kwamba alimalize na alitolee taarifa ya maandishi kabla hajaleta jingine.

Kuhusu meneja, tatizo ni tiketi yake ya kurudi, na tiketi hiyo hamuwezi kuibadilisha. Mtumieni siku tatu kabla karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo mawili au matatu yanayohitaji uamuzi wake, pamoja na pendekezo la timu kwa kila moja. Hayo yawe ya kwanza kwenye ajenda, kabla ya chai. Taarifa za maendeleo, ambazo kwa kawaida ndizo zinazokula asubuhi yote, zije baadaye, na saa nane ikifika hakuna kitakachoharibika.

Liko jambo moja nililolihisi katika barua yako ingawa hukulisema waziwazi. Si kila mvutano unatokana na namna ya kufikiri. Ikiwa mhandisi hutoka nje kupokea simu kila afisa maendeleo ya jamii anapoanza kusema, hiyo ni dharau, na dharau haisawazishwi kwa mpangilio wa vikao. Mwite pembeni, umwambie.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26, mhasibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti hapa Singida. Viongozi wetu, ambao ni wazee wangu na ninawaheshimu, wanataka tuchukue mkopo wa kununua mashine kubwa ya kukamua mafuta. Nimeuliza mbegu za kuilisha mashine hiyo zitatoka wapi baada ya Septemba, kwa kuwa wanunuzi kutoka nje hukusanya mbegu mara tu wakulima wanapovuna. Tangu siku hiyo naitwa mpinga maendeleo, na kikao kilichofuata sikualikwa. Je, ninyamaze?
*Mwenye mashaka, Singida*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyamaze, lakini badili namna ya kusema.

Hapo jirani yenu, Kongwa, kuna historia ambayo kila kikundi cha wakulima cha kanda ya kati kingefaa kuisoma kabla ya kutia saini mkopo. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa bado na mgawo wa chakula baada ya vita, ilipokea pendekezo la kulima karanga Afrika Mashariki ili ipate mafuta ya kula. Ujumbe wa wataalamu ulizunguka kwa wiki tisa na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947 bila kutanguliza shamba la majaribio. Udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kiasi cha kuharibu majembe ya trekta na kuzikatalia karanga zisitoke ardhini, na mvua zilikuwa chache na zisizotabirika, kama wenyeji wa Ugogo walivyozijua siku zote. Mwaka 1951 mpango uliachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Wataalamu hawakukosekana, wala mashine, wala fedha. Kilichokosekana ni nafasi ya swali la mashaka kuusimamisha mpango kwa msimu mmoja tu, upimwe kwanza.

Swali lako la mbegu ni la aina hiyo. Tatizo ni kwamba umeliuliza wakati wazee wako walikuwa wameshaipenda mashine, na mtu aliyekwisha kupenda kitu husikia kila swali kama tusi. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein aliandika mwaka 2007 juu ya njia inayosaidia sana mahali kama hapo. Kabla ya kuanza mradi, timu inaambiwa ichukulie kwamba mwaka umeshapita na mradi umeshindwa kabisa, kisha kila mtu anaandika sababu za kushindwa huko. Swali likigeuzwa hivyo, anayetaja tatizo haonekani mpinzani, kwa kuwa wote wameombwa kutaja. Mwombe mzee mmoja unayeaminiana naye alipendekeze kikaoni, kwa maana likitoka kwake litapokewa kwa urahisi kuliko likitoka kwako. Aseme hivi: “Ndugu zangu, tuchukulie ni Novemba mwakani na mashine imesimama. Imesimama kwa nini?” Sitashangaa ukikuta nusu ya karatasi zimeandikwa neno mbegu.

Jambo la pili ni kwamba mashaka yako uyape mwisho. Mtu anayesema “haitafaa” bila kueleza angeridhika na nini huchosha hata wanaompenda. Kokotoa magunia ambayo mashine inahitaji kwa mwezi ili marejesho ya mkopo yalipike, na uyalinganishe na magunia ambayo wanachama wameyaahidi kwa maandishi. Kisha uwaambie: wazee wangu, tukifikisha idadi hii ya ahadi, na tukipata ghala la kuhifadhi mbegu hadi Desemba, mimi wa kwanza nitaandaa nyaraka za mkopo. Hapo mazungumzo yanahama kutoka tabia yako na kwenda kwenye magunia.

Huenda wakataka kuyamaliza kwa kumteua mtu wa kupinga kwa zamu, ili kila kikao kiwe na mpinzani wake. Ni afadhali kuliko kutokuwa na mpinzani, ila lisitumike kukuondoa wewe. Charlan Nemeth wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alichunguza jambo hili pamoja na wenzake, na matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba mtu anayepinga kwa sababu ameteuliwa kupinga huwachochea wenzake kufikiri kidogo kuliko anayepinga kwa sababu anaamini anachosema. Watu wanatambua igizo.

Kuhusu kutokualikwa kikaoni, hilo lina uzito mwingine. Mhasibu wa kikundi hawezi kuachwa nje ya kikao cha mkopo. Soma katiba ya kikundi chenu, na kama inakupa nafasi hiyo, mwandikie katibu barua fupi ya heshima ukiomba taarifa ya vikao, na nakala ubaki nayo.

SWALI: Mkuu wetu wa shule anataka walimu na wanafunzi wajaze dodoso la kujua nani anatumia ubongo wa kushoto na nani wa kulia, ili vikundi vya kazi za miradi vipangwe kwa uwiano. Lina manufaa?
*Mwalimu, Kondoa*

JIBU: Kwa kusudi hilo, hapana. Ni kweli kwamba pande mbili za ubongo zinatofautiana katika baadhi ya kazi, na Roger Sperry alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi wake kuhusu tofauti hizo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba Juma ni mtu wa kushoto na Asha ni wa kulia ni kuruka korongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, na matokeo yao ya mwaka 2013 hayakuonyesha kwamba kuna watu wanaotawaliwa na upande mmoja.

Kusudi la mkuu wenu la kuchanganya vikundi ni jema, na linatimizwa kwa njia rahisi zaidi. Mtazameni kila mwanafunzi katika kazi mbili zilizopita: nani alianza kwa kuuliza, nani alianza kwa kuchora, nani aligundua kosa la mwenzake, nani alihakikisha kazi inakabidhiwa. Wachanganyeni kwa hayo, na muhula ukibadilika wabadilishieni majukumu, kwa maana mtoto aliyeambiwa tangu darasa la tano kwamba yeye si mtu wa hesabu ataamini, na ataacha kujaribu.

SWALI: Tulijadiliana, tukaamua, dondoo zikaandikwa. Mwenzetu mmoja bado anakwenda kwa mafundi na kuwaambia wafanye kwa namna yake. Anasema hiyo ndiyo fikra yake huru.
*Msimamizi wa ujenzi, Nzuguni, Dodoma*

JIBU: Uhuru wa kufikiri aliutumia kikaoni. Katika dondoo zijazo, muandike hoja yake kwa jina lake na kwa ukamilifu, pamoja na dalili ambayo ikionekana mtaufungua upya uamuzi huo, kwa mfano ufa kwenye ukuta au kipimo fulani cha zege kisichofikiwa. Akijua kwamba pingamizi lake limehifadhiwa na lina siku yake, huenda akatulia. Asipotulia, hilo ni suala la nidhamu kazini, na lipelekwe kwa mwajiri. Wakati huohuo mafundi wajulishwe leo kwamba maelekezo wanayapokea kwako peke yako, kwa maandishi, katika kitabu cha maelekezo kinachokaa eneo la ujenzi.